Nani anasimulia filamu ya Noeli?



Kila mwaka, Desemba inapokaribia, maneno ni yale yale. Katika kikao cha wazazi, kanisani, hata katika mikutano ya shirika letu la utamaduni, kunasimama mtu na kusema: « Noeli yetu imekufa. Watoto hawataki tena hadithi za nkambo, wanataka filamu tu. Inafaa tufunge televizyo siku ya Noeli. » Watu wanapiga makofi. Halafu kila mmoja anarudi kwake. Tarehe 25, kisha misa na kisha bukari na kuku, mtu yule yule anachomeka klé USB kwa televizyo, watoto wanakaa chini kwa mkeka, na wakubwa wanatoka inje na viti vyao na chupa zao za Simba. Hatumcheki. Mtu huyo ni sisi pia.

Katika kurasa hizi tunataka kubishana na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wenye kusema filamu ni adui wa mila. Wa pili ni wale wenye kusema filamu ni mchezo tu, acha watoto wacheke. Tunaona kwamba wote wawili wanakosa, tena wanakosa pamoja. Wote wanatazama televizyo, na hakuna anayetazama kiti chenye kiko pembeni yake. Kiti kile kilikuwa cha msimuliaji, na leo hakuna mtu juu yake. Ubaya wa Noeli yetu uko pale. Hauko ndani ya filamu.

1. Filamu yenye kila mtoto anajua

Acha tuchukue mfano mmoja tu, wenye hakuna mtu wa Katuba, wa Kenya ao wa Ruashi atasema haujui. Ni filamu ya Marekani ya mwaka 1990, Home Alone, yenye sisi tunaita kwa jina lake la Kifaransa, « Maman, j'ai raté l'avion ». Iliandikwa na John Hughes na kuongozwa na Chris Columbus, na iliingiza zaidi ya dolari milioni 470 katika dunia. Mtoto Kevin, wa miaka 8, anagombana na ndugu zake usiku wa kuamkia safari. Wanamtuma alale juu kabisa ya nyumba. Usiku upepo unakata umeme, saa za kuamsha watu zinazimika (kumbe hata karibu na Chicago kuko delestaji!), asubuhi jamaa yote inakimbia uwanja wa ndege, wanaenda kula Noeli kule Paris, na Kevin anasahauliwa nyumbani. Wezi wawili wanakuja. Mtoto anawategea mitego.

Mwaka mmoja, katika juma la mwisho mbele ya mapumziko, tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu sekondari kazi ya kuandika kwa Kifaransa: eleza filamu ya Noeli yenye unapenda. Karibu wote walichagua ile. Tulisahihisha kopi zile usiku, tukicheka peke yetu. Kila kitu kilikuwamo: kitasa cha mlango chenye moto, pasi yenye kuanguka kwa uso, makopo ya rangi yenye kuning'inia kwa kamba, mipira ya vioo chini ya miguu mitupu, buibui kubwa. Watoto wale walijua mitego ya Kevin kuliko wanavyojua kanuni za participe passé.

Lakini katika filamu ile kuko mtu mwingine, mzee wa jirani anayeitwa Marley. Tulitafuta jina lake katika kopi zote. Watoto wawili tu ndio walimtaja, na wote wawili waliandika neno moja: « le sorcier ». Mulozi.

Siku iliyofuata tukauliza darasa: « Kwa nini munasema ni mulozi? » Kijana mmoja wa nyuma akasimama, akajibu bila haya: « Mwalimu, ule mzee anatembeaka usiku peke yake, anamwanga dawa ya mweupe mbele ya manyumba ya bantu. Sasa ni nini ingine? » Darasa nzima ikaitika: « Njo vile! »

Basi, tulisimama pale na chaki mkononi, hatukuwa na jibu la haraka. Juu mtoto yule aliona vizuri. Katika filamu, kwa kweli, mzee anapita na chombo chake na sepetu yake, anamwaga kitu cheupe mbele ya nyumba. Na ndugu mkubwa wa Kevin anasema mbele yetu sote kwamba mzee huyo aliua watu wake kwa sepetu na kuwaficha ndani ya chumvi. Mtoto wa Katuba anayasikia kwa Kifaransa cha mbio-mbio, anashika neno moja juu ya kumi, anaona picha, na anafunga kesi.

Ile dawa ni chumvi tu. Katika inchi za theluji, njia inaganda barafu, watu wanateleza na kuvunjika mifupa. Ukimwaga chumvi, barafu inayeyuka. Mzee Marley anatoka usiku kwenye baridi kusudi majirani zake wasianguke. Kazi yake ya wema, watoto wa jirani wameigeuza kuwa alama ya uchawi. Filamu ilitengenezwa ili kusema jambo hili, na watoto wetu wameiona mara tano, mara kumi, na wametoka na jambo la kinyume.

Tena mtu mmoja asituambie mzee yule ni kipande kidogo cha filamu. Usiku wa Noeli, Kevin anaingia kanisani, kwaya ya watoto inaimba, na mzee anakuja kukaa karibu naye. Anamwambia mjukuu wake yuko kati ya wale wanaoimba. Amekuja kumsikia hapa, juu kwa nyumba ya mtoto wake hapokelewi: waligombana miaka mingi, hawasemeshani tena. Mtoto wa miaka 8 anamshauri mzee ampigie mtoto wake simu. Baadaye mzee anaokoa Kevin mikononi mwa wezi kwa sepetu ile ile yenye watu waliogopa. Na asubuhi ya Noeli, Kevin anamwona kwa dirisha, amekumbatia mjukuu wake.

Tuliuliza darasa: « Nani anakumbuka kanisa? » Kimya. Msichana mmoja akasema polepole: « Mwalimu, pale tunapitishaka. Hakuna mapigano. »

2. Mzee wa kwetu

Kama jambo hili lingekuwa la filamu tu, hatungechukua kalamu.

Katika avenue yetu kulikuwa mzee mmoja, mfanyakazi wa zamani wa migodi. Hatutaji jina lake, juu watu wake wako. Bibi yake alikufa, watoto wake walienda mbali, hawakuwa wanaleta habari. Mzee alikuwa na kifua kibaya. Akilala chini, pumzi inakatika, kwa hiyo usiku alikuwa anakaa kwa kiti mbele ya mlango wake mpaka karibu na asubuhi, na koti lake juu ya mabega. Watoto wakipita kuchota maji saa kumi ya usiku, walimkuta pale, macho wazi. Mzee mwenye halali usiku: watoto walimpatia jina, na jina lile tayari munalijua.

Mwaka ule, katikati ya Desemba, mtoto mmoja wa avenue alikufa kwa malaria. Kisha kilio, mawe yalianza kuanguka juu ya bati za mzee. Siku ya kwanza moja, mbili. Siku ya pili mengi. Waliotupa ni watoto, lakini wakubwa walisikia na wakanyamaza. Mama mmoja alisema: « Batoto banajua. » Usiku wa Noeli mawe yalianguka tena, na kisha mawe, watoto wale wale walienda kwa jirani mwenye kuwa na televizyo kubwa, wakaona Kevin na mzee Marley, wakacheka mpaka machozi.

Tarehe 27, mtoto wa dada yake alikuja kutoka Likasi. Walifunga godoro kwa kamba juu ya taxi, wakaweka kiti kile juu yake, wakaondoka. Mpaka leo hatujui alimaliza namna gani.

Na sisi, mwalimu, tulikuwa wapi? Tulikuwa ndani, tunasahihisha kopi. Tulisikia mawe vizuri. Tulijiambia: ni watoto, kesho tutaongea nao. Kesho ile haikufika. Tunaandika hii kusudi msomaji asidhani tunafundisha wengine kutoka juu ya kilima.

Juu mambo haya si mchezo. Kila mtu anajua watoto wangapi wamefukuzwa kwao, Kinshasa na hata hapa Lubumbashi, wamekuwa mashege wa barabara, juu mtu fulani alisema ni watoto wa uchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaadhibu mwenye kumshitaki mtoto hivyo, lakini nani ameisoma? Na mwaka wa 2021, redio zilitangaza habari za wanawake wazee kule Kivu ya Kusini, waliochomwa ao kupigwa na umati mpaka kufa, kwa neno lile lile. Umati ule hauzaliwi siku moja. Unaanza kwa watoto wenye kutupa mawe juu ya bati, na kwa wakubwa wenye kusema: batoto banajua.

Sasa tazameni ajabu. Filamu yenye tunaita « mambo ya wazungu » inasimama upande wa mzee. Inamwambia mtoto: mtu mwenye unaogopa, nenda ukae naye, umuulize. Ni somo lenye nkambo zetu wangetoa. Somo liko mbele ya watoto kila Noeli, na halifiki, juu hakuna mtu wa kulibeba kutoka kwa picha mpaka kwa sikio.

3. Msimuliaji alikuwako

Wale wenye kusema « tufunge televizyo » wanafikiri mila yetu ilikuwa hadithi peke yake. Si kweli. Mila ilikuwa hadithi na kinywa. Nani kati yetu alisikia hadithi yenye ilijisimulia? Nkambo alikuwa anasema kidogo, anasimama, anauliza: « Na sungura akafanya nini? » Tunajibu. Anaimba, tunaitikia. Mtoto akilala, anamgusa. Mtoto akiogopa, anapunguza sauti ya fisi. Na mwisho anageuka kwa mwenye alipiga mdogo wake asubuhi, anamwambia: « We, umesikia? » Hadithi ilimjua kila mmoja kwa jina. Katika mwezi kama huu, mvua juu ya nyumba, inswa wakizunguka taa, ile ilikuwa masomo yetu ya usiku.

Hata sinema, ilipofika kwetu, haikufika bubu. Wakati wa Wabelgiji, mapadri na wakuu wa serikali walizunguka na mashini na kitambaa cheupe. Union Minière iliwaonyesha wafanyakazi filamu katika kambi zake. Kule Kasai, katika miaka ya 1950, padri Albert Van Haelst alitengeneza filamu za kuchekesha za Matamata na Pilipili. Na mara nyingi, kando ya kitambaa, alisimama mtu wa kueleza kwa lugha ya watu. Tusidanganyane: sauti ile ilikuwa ya bwana. Ilifundisha mweusi kuwa msafi na kutii, na kulikuwa hata komisyo ya kuchagua filamu zenye mweusi anaruhusiwa kuona. Hatulilii wakati ule. Lakini bwana alielewa jambo moja lenye sisi tumesahau: picha inaenda kwa yule mwenye kuieleza. Kwa hiyo hakuiacha peke yake hata siku moja.

Vijana wa Kinshasa katika miaka ile walijieleza wenyewe filamu za cowboy. Waliitwa Bills, kwa jina la Buffalo Bill, wakavaa kama cowboy, wakatengeneza hata lugha yao. Pale pia kinywa kilikuwako, lakini kilikuwa cha rika peke yake, bila mkubwa.

Majirani zetu hawakulala. Kule Kampala na Dar es Salaam, watu walianza kukaa na kipaza sauti kando ya televizyo na kueleza filamu za kigeni kwa lugha ya mtaa. Jina la Lufufu, mtafsiri wa Dar es Salaam, linajulikana na wapenzi wa filamu. Kuko wasomi wenye kukunja uso: eti wanaharibu filamu, wanaongeza maneno yao. Sisi tunasema: afazali mtu mwenye kuongeza maneno kuliko nyumba yenye haina neno. Na hapa kwetu Lubumbashi, Mufwankolo na kundi lake walituonyesha zamani, kwa redio na televizyo, kwamba Kiswahili chetu cha hapa kinaweza kubeba kicheko na hekima pamoja.

Tutazame tena filamu Jésus ya 1979, yenye wahubiri wanaonyesha mara nyingi karibu na Noeli kwa shuka nyeupe na groupe ya umeme. Imetafsiriwa kwa lugha zaidi ya 1.000. Hakuna mtoto mwenye kutoka pale anasema hakuelewa. Kwa nini? Juu inaongea naye.

4. Mila haianguki kutoka mbinguni

Wengine watatuambia: « Mwalimu, kuona filamu siku ya Noeli ni desturi ya Wamarekani, si yetu. » Vizuri. Lakini wajua desturi ile ilitoka wapi?

Filamu ya Noeli yenye Wamarekani wanaheshimu sana ni ya Frank Capra, It's a Wonderful Life, ya mwaka 1946. Kwa Kifaransa inaitwa « La Vie est belle », jina moja na filamu ya kwetu ya mwaka 1987, ya Ngangura Mweze wa Bukavu na Mbelgiji Benoît Lamy, mwenye kucheza ndani ni Papa Wemba. Ile ya Capra inasimulia George Bailey, mtu wa mji mdogo, mwenye kuongoza nyumba ya mikopo kusudi maskini wajenge. Siku ya tarehe 24 Desemba, dolari 8.000 zinapotea, naye anataka kujiua. Malaika anamwonyesha mji ungekuwa namna gani kama hangezaliwa. Mwisho majirani wanakuja, kila mmoja na kidogo chake, wanajaza meza. Mtu yeyote mwenye amecheza likelemba anaielewa filamu hii kuliko Mmarekani.

Filamu ile, ilipotoka, haikuingiza feza zenye walitumainia. Mwaka wa 1974, wenye mali yake hawakufanya upya haki zao, na televizyo za Marekani zikaanza kuionyesha kila Desemba bila kulipa, karibu miaka 20. Watoto wakaiona na baba zao, wakakua, wakaionyesha watoto wao. Basi, ikawa mila. Mila ile kubwa ilizaliwa kwa karatasi yenye haikujazwa! Lakini ilikua kwa sababu watu walikaa pamoja, mwaka na mwaka, na mkubwa akasema kwa mdogo: tazama vizuri hapa.

Kama wao walifanya mila na kitu chenye kilikuwa kimeanguka chini, sisi tunashindwa nini?

5. Wenye kutupinga

Tunajua majibu. Wa kwanza anasema: « Mtu akisema-sema katika filamu anaharibu raha. » Tunamuuliza: na wakati wa mpira, nani ananyamaza? Kwa mpira wa Mazembe, avenue nzima inaeleza, inalaumu mwamuzi, inabadilisha wachezaji. Hakuna mwenye kusema raha imeharibika.

Wa pili anasema: « Acha, batoto banajifunza Kifaransa. » Sisi ndio tunafundisha Kifaransa kile, na tumeona kopi. Kutoka kwa filamu isiyoelezwa, mtoto anachukua vilio na matusi. Zamani pale ISP tulifundishwa jambo rahisi: picha bila ulizo ni pambo la ukuta. Tulilijibu vizuri katika mtihani, halafu kwa nyumba zetu tukasahau.

Wa tatu, naye tunamheshimu zaidi, anasema: « Nkambo hajui Kifaransa, hajui theluji, ataeleza nini? » Acha tumjibu na jambo lenye tuliona kwetu.

Noeli moja, tulikuwa tumeacha watoto mbele ya Kevin kama kila mwaka, tukifurahi nyumba imetulia. Katikati ya filamu umeme ukakatika. Watoto wakalia: « Aaah! » Mama yetu mzazi alikuwa amekaa pembeni, hakuelewa hata neno moja la filamu. Katika giza akauliza: « Ule muzee wa koti, ni nani wake na ule mutoto? » Watoto wakajibu pamoja: « Nkambo, ni mulozi! » Akanyamaza kidogo, akauliza: « Mulimuona akila mutu? » Hapana. « Sasa nani alisema? » Ni yaya wa Kevin njo alisema. « Na ule yaya, ni mutu wa kweli? » Watoto wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, juu walikumbuka yaya yule ni mwongo na mkorofi. Halafu mama akawasimulia baba yake, mfua vyuma katika kijiji, mwenye watu waliogopa juu ya moto wake na kunyamaza kwake, lakini kila mtu alienda kwake kutafuta jembe. Hadithi ile sisi wenyewe hatukuwa tumeisikia, na tulikuwa tayari na mvi.

Umeme ulirudi kisha saa mbili. Filamu ikafika kanisani. Mara ile hakuna mtoto aliyeomba kupitisha. Mdogo alisema tu: « Nkambo, ona, analia. »

Mama hakujua Kifaransa, hakujua chumvi na barafu. Alijua kuuliza. Hiyo ndiyo kazi ya msimuliaji, na hakuna mzee wa Katanga mwenye haiwezi.

6. Tunaomba nini?

Kwanza, kwa kila nyumba: siku ya Noeli, telekomande iwe mikononi mwa mkubwa mmoja, baba, mama, nkambo ao yaya, mwenye kukaa pale mpaka mwisho. Asimamishe filamu mara tatu, si zaidi. Aulize: huyu ni nani? Kwa nini anafanya hivi? Kwetu, nani anafanana naye? Ulizo la tatu ndilo kubwa.

Pili, tuongeze filamu zetu. Kando ya Kevin, tuweke « Pièces d'identités » ya Ngangura Mweze huyo huyo, ya 1998, yenye ilipata zawadi kubwa ya FESPACO kule Ouagadougou mwaka 1999. Mfalme mzee, Mani Kongo, anasafiri mpaka Bruxelles kutafuta binti yake mwenye alimtuma kule akiwa mdogo. Kule Ulaya hakuna mwenye kumjua, hata alama zake za ufalme zinaenda kwa rehani. Katika filamu ya kwanza mzee anaogopa kupiga simu kwa mtoto wake, katika ya pili mzee anavuka bahari kumtafuta wake. Filamu hizi mbili, usiku mmoja, na watoto wetu wengi wenye wazazi wao wako Johannesburg ao Ulaya: hakuna kitabu cha masomo chenye kitawaongelesha hivyo.

Tatu, kwa shirika letu lenyewe: badala ya kila mwaka kupiga makofi juu ya kifo cha mila, tupange jioni moja, tarehe 23 Desemba, katika sale yetu. Mashini moja, kitambaa kimoja, na wazee wawili mbele, mmoja mwanaume na mmoja mwanamke, waeleze filamu kwa Kiswahili chetu. Watoto waingie bure, na watoe ulizo. Sisi tuko tayari kuleta darasa letu, na viti tutabeba wenyewe.

Na kama mwaka huu hatukupata sale wala mashini, kubaki jambo moja lenye halilipishwi. Noeli hii, watoto watakapocheka mbele ya televizyo, mtu mmoja mkubwa arudishe kiti chake ndani, akae, angoje mpaka mzee Marley apite na chombo chake, halafu aulize: « Anamwaga nini pale, na juu ya nani? » Tena kabla ya kungoja jibu, atazame kidogo kwa dirisha, aone kama katika avenue yake hakuna mzee mwenye kukaa inje peke yake usiku ule. Kama yuko, filamu iweze kungoja. Aende kwanza amwite aingie.